Koti la Baridi la Docteur Patrice

Patrice aliingia kwenye nyumba ya fotokopi pale Nguba, mtaa wa Bukavu, akiwa na cheti cha ubatizo cha mtu aliyekufa zamani, na hilo tuliache, si habari ya leo. Mbele yake kulikuwa na foleni ya watu kumi na wawili, na wote kumi na wawili walikuwa wameshika diplome. Akauliza wanatafuta nini. Bourse, wakasema. Bourse complète ya kusoma master ng'ambo, inalipa shule, nyumba, chakula na ndege. Msichana mmoja alikuwa ametoka kuibarikisha dossier yake ya maombi kwa padri, na matone ya maji ya baraka yalikuwa bado yanaonekana juu ya bahasha. Patrice alitazama foleni ile, akatazama bahasha ile, akakirudisha cheti cha marehemu mfukoni. Biashara ya wafu aliiacha palepale.

Wiki moja baadaye alikuwa amepanga chumba cha mbele cha nyumba ya Maman Marcelline, akaweka meza, kabati, kitanda chake nyuma ya pazia, na bango lenye jina la Fondation Horizon ya Canada. Fondation hiyo ilizaliwa kichwani mwake akiwa anakula sambaza, visamaki vya ziwa. Alikuwa pia na cachet, yaani muhuri, ya mviringo, wino wa bluu, yenye ndege wawili katikati. Jamani, mtu wa Bukavu unaweza kumuonyesha barua ya rais akaitilia shaka, lakini mupigie cachet ya bluu, ataivua kofia. Na Patrice mwenyewe, aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa ugomvi na hesabu, akawa Docteur Patrice. Hakuna aliyeuliza ni docteur wa nini.

Bourse ya Docteur ililipa kila kitu, isipokuwa dola mia mbili za frais de dossier, ada ya kushughulikia maombi. Watu walilipa. Mwalimu mmoja alileta mbuzi aliyetoka naye kijijini Miti, akarudishwa sokoni kwanza kumgeuza dola. Na Maman Marcelline, mjane anayeuza vitambaa vya pagne, aliuza mashine yake ya kushona. Mashine ile ndiyo iliyomsomesha binti yake Adèle mpaka akapata licence, digrii ya uuguzi, na sasa Adèle alikuwa na miaka miwili nyumbani bila kazi. Maman alizihesabu dola zile mbele ya Patrice huku machozi yakimlenga, akasema mashine ni chuma tu, mtoto akienda Canada atamnunulia nyingine. Patrice alimfariji sana. Alimchukua hata Adèle awe secrétaire wake, bila mshahara, ili msichana azoee mambo ya ofisi za wazungu.

Mpango ulikuwa mwepesi. Tarehe kumi na tano Docteur angekuwa Uvira na feza zote, afungue hoteli ndogo karibu na ziwa, alale mchana. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, aliandaa mapema barua thelathini na moja za kusikitika, moja kwa kila mteja, zikisema kwamba kutokana na wingi wa maombi dossier yako haikukubaliwa. Alizipiga cachet, akazitia ndani ya droo. Mtu akisikitikiwa vizuri hafuati feza yake.

Kilichomponza ni ulimi. Siku moja mteja aitwaye Didier, fundi wa redio mwenye macho ya kupekua, aliyeleta dossier lakini alikuwa bado hajalipa, alimuuliza mbele ya watu: "Docteur, kama hii bourse iko muzuri hivi, juu ya nini weye mwenyewe hauende?"

Adèle akaacha kuandika.

"Nani alikuambia siende?" Patrice akajibu, hata jicho halikupepesa. "Mimi njo wa kwanza kupata. Niko nakwenda tarehe kumi na tano."

Didier akatoa dola mia mbili palepale. Na Patrice usiku ule hakulala kwa furaha, maana aliona amefanya kazi ya fundi hasa: sasa akitoweka, hakuna atakayemtafuta. Wote watasema Docteur yuko Canada.

Alisahau kitu kimoja tu, masikini. Bukavu haimuachi mtu aende ng'ambo kimyakimya.

Maman Marcelline alikuwa kiongozi wa shirika la mtaa, yaani wale wakristo majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba na kujua kila sufuria ya kila mtu. Kesho yake habari ilikuwa kwa shirika. Keshokutwa ilikuwa parokiani. Misa ya shukrani ikapangwa, kwaya ikaanza mazoezi, wamama wakachagua pagne ya kushona sare. Watu ambao hawajawahi kumsalimia Patrice walikuja kumuachia majina ya ndugu zao walioko Montréal, awatafute akifika. Muzee mmoja alimpa barua ya mtoto wake aliyepotea huko tangu miaka kumi na minane. Patrice aliipokea kwa mikono miwili, na nasema kweli, siku ile kidogo aliona haya. Haya yenyewe ilimpita kabla ya chakula.

Katika yote hayo kitu kimoja kilimpendeza: koti. Shirika lilimnunulia kwenye mitumba ya soko la Kadutu koti kubwa la baridi, jeusi, zito, linalofika magotini. Akajifungia, akapasua bitana kifuani, akazipanga feza zote ndani, akashona. Hakuna mwizi atakayeiba koti la baridi kwenye nchi ya ndizi.

Tarehe kumi na nne, mchana, alikuja na gari la kukodi kuchukua koti na sanduku akimbilie Uvira. Alikuta wamama sita chumbani. Sanduku lake lilikuwa wazi, mmoja anapiga pasi mashati, mwingine anafungasha unga wa mihogo na sambaza kavu. Maman Marcelline alikuwa amekaa kitandani na koti mapajani, sindano mkononi.

"Lilikuwa limetoka kifungo, Docteur," akasema polepole. "Nimekishona na mukono tu. Unajua mashine sina."

Patrice alilichukua koti akalipapasa kifuani. Palikuwa pamevimba vilevile. Roho ikarudi. Akawashukuru, na wao wakamwambia asihangaike na kitu chochote, hawatamuacha peke yake hadi kwenye mpaka wa Ruzizi, anakovukia Rwanda kufuata ndege. Gari la Uvira likaondoka tupu. Akajipa moyo: avuke tu daraja, achukue basi upande wa pili, ashuke kwa njia ya Burundi. Uvira haihami.

Kesho yake, baada ya misa, mtaa mzima ulimsindikiza mpaka darajani kwa nyimbo na vigelegele. Jua la saa sita lilikuwa linachoma, na Docteur Patrice alitembea katikati ya kwaya akiwa amevaa koti la theluji, jasho likimtiririka mpaka viatuni. Watoto walimpapasa wakiuliza kama ni ngozi ya mnyama. Kumvua lile koti siku ile ilikuwa lazima umuue kwanza. Adèle alimpa mkono, akamtakia masomo mema, na Patrice aliona msichana anacheka kidogo, akadhani ni wivu.

Alivuka. Alipunga mkono mpaka kwaya ikapotea. Kisha akaingia nyuma ya kibanda cha maandazi upande wa Rwanda, akapasua bitana na kisu cha kuazima.

Zikatoka barua. Barua thelathini, zimekunjwa vizuri kama noti, zote zikisikitika, zote na cachet ya ndege wawili. Ya mwisho, ya thelathini na moja, ilikuwa ile ya Adèle, jina limefutwa na la Patrice limeandikwa juu. Chini, kwa mwandiko wa secrétaire wake, palikuwa na maneno haya:

"Barua hizi nilizikuta kwa droo tarehe tatu, na dossier zetu zote ziko kwa kabati, hakuna hata moja ilitoka. Ufunguo wa pili wa chumba chako ulikuwa kwa maman, mwenye nyumba, yeye njo alitoa feza kwa koti. Tutazirudishia wenyewe. Polisi hatukuita, juu nao wangeomba frais zao. Shirika lote linajua uko Canada, Docteur. Ukionekana Bukavu, utawaeleza weye mwenyewe."

Patrice alikaa juu ya sanduku. Ng'ambo ya maji aliiona Nguba yote, karibu kiasi kwamba angeweza kuhesabu madirisha ya chumba chake. Hakuwa na njia ya kurudi, na nauli ya Uvira alikuwa ameishona yote ndani ya koti.

Watu wa Bukavu nao, waliporudishiwa dola zao, walishangaa sana. Fondation inakataa dossier na kurudisha feza? Didier alitangaza kila mahali kwamba hiyo njo ya kweli, na wengi wanamsumbua Adèle mpaka leo wakiuliza itafungua lini tena. Adèle huwaonyesha bourse za kweli, zile zisizoomba hata senti, na hawamuamini.

Jumapili ya pili simu ya Patrice ililia. Alikuwa Kamembe, palepale upande wa Rwanda, anapakua mifuko ya viazi, shati limemganda mgongoni.

"Docteur," Maman Marcelline akasema, "tuko hapa kwa sala, shirika nzima, tumeweka simu kwa sauti. Batu banauliza, Canada kuko baridi?"

Patrice alisikia nyuma ya sauti ya maman mashine ya kushona inakimbia, inasimama, inakimbia tena.

"Kuko baridi sana, maman," akasema, na akajifuta jasho.