Ombi la Kuufuta Mkono Wangu katika Mali ya Chorale

Bunia, Nyakasanza, Jumanne

Kwa Mama Scholastique,
Présidente wa chorale, kwaya yetu ya Rwambuzi

Mama Présidente,

Ninakusalimu kwa heshima, wewe na mume wako Muzee Jérôme. Yeye sina shida naye, maana simu yake ni ile ndogo ya tochi, haioni sukari yangu.

Unakumbuka jambo lilivyoanza. Nilikuwa ninajichoma vidole mara tano kwa siku ili kupima sukari ya damu, mpaka Pentekoste vidole vikakataa kukanyaga nyuzi za gitaa. Nyimbo mbili zilipita bila basse, sauti nzito ya gitaa langu. Waamini walidhani umeme umekatika. Chorale ikakaa kikao, ikaona gitaa iko hatarini (mpiga gitaa hatajwi popote katika procès-verbal, nimesoma), ikaamua kuninunulia capteur: kile kidude cheupe kama kifungo cha koti, kinachobandikwa mkononi na kutuma hesabu ya sukari kwenye simu. Inatoka Kampala, bei yake dola sabini, na siku kumi na nne zikiisha inakufa. Fundi wa redio kama mimi hawezi kuinunua peke yake. Basi sauti zikapokezana: sopranos walinunua ya kwanza, altos ya pili, ténors ya tatu. Nilishukuru mpaka nikatoa machozi. Machozi hayo ninayajutia, kwa sababu zifuatazo.

1. Uliruhusu kila aliyechanga aione sukari yangu kwenye simu yake. Leo watu kumi na tisa wanajua kwamba nimekula, kabla mke wangu Denise hajaondoa sahani mezani.

2. Sopranos walimaliza zamu yao kwa wastani wa cent vingt-huit (128), sukari nzuri. Wakaitangaza kwenye WhatsApp ya chorale, kati ya habari ya kilio na maneno ya wimbo wa Jumapili. Tangu hapo si ugonjwa tena, ni championnat, mashindano. Altos walipata cent soixante-dix (170), nao wanasema walipokezwa mkono uliokwisha haribika.

3. Ténors wanataka kombe. Kwenye harusi ya Gentille, Fabrice wa ténors alikaa ubavuni mwangu kama polisi. Nilipoinua kijiko, akaondoa wali, akaniachia sombe, majani ya muhogo. Nikamuuliza kwa upole kama sahani ile ni yake.

"Sahani si yangu, Baba Alphonse," akasema. "Lakini mukono ni ya ba ténors mpaka Jumapili."

Meza nzima ilikubali. Bwana harusi pia.

4. Jumamosi nilibishana na mteja, na hasira ikapandisha sukari hadi deux cent dix (210), bila mimi kutia kitu kinywani. Camille wa sopranos akaandika mbele ya wote: "Siye tulimuacha muzuri. Nyinyi munamulisha nini?" Nusu saa haijapita, ténors wawili wakaingia dukani mwangu, wakamwomba mteja msamaha kwa jina langu, wakampunguzia bei. Sasa nina wakurugenzi.

5. Denise. Ninamtaja mwisho kwa sababu ya woga. Aliniuliza kwa nini Jumatano, nilipokuwa mbali kwa kazi, sukari ilipanda kama ya mtu aliyekunywa sucré, soda. Nilikunywa sucré. Moja. Ndogo.

Kwa hiyo, Mama Présidente, tufuate sheria. Ikiwa mkono wa kushoto ni mali ya chorale, uandikwe kwenye daftari la vyombo, chini ya ampli na baffles mbili, zile spika. Mali ya chorale hainyeshewi mvua, hailimi shamba, na anayeiazima hutia sahihi. Nami nitatia sahihi kila asubuhi kabla ya kuoga. Lakini mkono umeshikana na bega, na bega linabeba tumbo hili mnalolijua. Nani atalivalisha? Na siku nitakayoitwa juu, ténors watachukua kipande chao kwanza, wengine ndio wazike kilichobaki?

Kama hamtaki tufike huko, ninaomba capteur iondolewe, watu kumi na tisa wafutwe, nami nirudie sindano zangu. Gitaa apewe Delphin wa ngoma. Anapiga kama anayefua nguo, lakini ni mzima.

Wasalimie sopranos, altos, na hata ténors, wanaonisalimia kila robo saa. Pokea heshima za mtu mzima aliyebakiwa na mkono mmoja wake mwenyewe, ndio huu unaoandika.

Alphonse,
gitaa ya basse

N.B. Utaona mwandiko wangu unalala hapo kwenye jina. Nilidhani ni hasira. Kumbe sukari ilikuwa cinquante-deux (52) na ilikuwa inashuka, nami nilikuwa nimeinyamazisha simu ili nilalamike kwa utulivu. Denise alikuwa sokoni. Aliyeona ni Camille, na zamu haikuwa yake. Alikuja juu ya moto, pikipiki ya kukodi, kitambaa cha kichwa mkononi, akaninywesha chai ya sukari nyingi. Nilipoanza kuona vizuri, alikuwa amekaa anasoma barua hii.

"Baba Alphonse, barua ni muzuri," akasema. "Peleka. Lakini capteur itabaki."

Sikuwa na nguvu ya kubisha. Sasa ninayo, lakini sina hamu. Tafadhali usiisome mbele ya comité. Jumapili zamu ya kununua inaingia kwa wapiga vyombo, nasi ni wawili tu, Delphin na mimi. Ninaomba mtukopeshe ténors wanne. Fabrice awe wa kwanza.