Abiria wa Treni ya Bati

Jumatatu, 4 Agosti. Bwera.

Mvua tangu asubuhi. Mgongo unauma. Redioni mshauri mmoja wa ndoa amesema kwamba mtu anayeficha kitu anachokipenda, kazini na nyumbani, hujifupishia maisha. Nimezima redio. Nimeiwasha tena. Wamekwisha kuhamia dawa ya kuku.

Nieleze, kwa kuwa daftari halicheki. Katika chumba cha nyuma, ambacho Vasta, mke wangu, anaamini kimejaa kahawa iliyoingia ukungu, nimejenga stesheni ya Kasese. Reli ni nyaya za miavuli. Kichwa cha treni ni kopo la samaki, magurudumu ni vifuniko vya soda, mota nimeitoa kwenye redio kaseti iliyokufa. Treni ya kweli iliacha kufika Kasese zamani. Yangu hufika kila siku, betri zikiruhusu.

Hakuna anayejua. Mimi ni mtunza stoo wa chama cha kahawa, na ni mzee wa kanisa. Wanaume wa umri wangu hufuga mbuzi.

Mpango: kufunguka, lakini polepole. Mtu haingii mtoni kwa kichwa. Kesho kazini, kisha Vasta.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekipeleka kichwa cha treni stoo, nikakiacha mezani kando ya mizani kana kwamba kimesahauliwa. Hotuba nilikuwa nayo tayari, kuanzia upana wa reli hadi nguvu ya mvuke.

Asanasio, mpimaji wetu, ambaye amekitamani kiti changu tangu alipoajiriwa, akauliza ni cha nani. Nikafungua mdomo kusema ni changu. Mdomo ukasema ni cha mjukuu.

Sina mjukuu. Asanasio anajua. Anasali nasi, na kila Jumapili humsikia Vasta akimwomba Mungu mjukuu, kwa sauti.

Asanasio aligeukia mizani yake. Aliendelea kupima kahawa huku akitabasamu. Consolée, mama wa Butembo, upande wa Kongo, anayetuuzia magunia matupu, ndiye aliyenishika mkono. Akasema, "Papa, mutoto ni baraka. Hata wa inje."

Nikamshukuru! Mpaka sasa sijui kwa nini nilimshukuru.

Alhamisi, 7 Agosti

Habari za mtoto wangu wa nje zimefika saluni kwa Docus. Hili ni baya kuliko linavyoonekana, na lazima nieleze suala la nyasi.

Nyasi za kweli hunyauka. Sponji hubaki sponji. Lakini nywele zilizonyolewa, ukizichovya katika rangi ya kijani na kuzianika, ni nyasi kamili. Hata upepo huzilaza vizuri. Basi kila Jumamosi huchukua mfuko wa nywele kwa Docus. Nilimwambia ni mbolea ya migomba. Niliona ni uongo mzuri, wenye elimu ndani yake.

Leo Docus, kwa huruma, amemsuka Vasta bure. Katikati ya kusuka akamuuliza kama migomba imezipenda zile nywele. Sasa, migomba yetu anayeitia mbolea ni Vasta mwenyewe.

Jioni Vasta alipika nyama. Alinipakulia nyama yote, yeye akala mchuzi. Sikufurahi. Mwanamke anayekupa nyama yote anakuaga.

Mpango mpya: kufuli kubwa zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Kufuli lilikuwa kosa. Kufuli dogo humfanya mtu apite. Kubwa humfanya akachukue jembe.

Niliporudi kutoka kazini mlango ulikuwa umelala chini. Vasta alikuwa amesimama mbele ya vilima vyangu, vyote vimeota nywele za watu. Mkononi hakuwa na kitu. Alikuwa akitazama jukwaa la stesheni, mahali niliposimamisha watu wadogo wa nyuzi za mgomba. Mmoja wao amevaa gomesi ya buluu, lile gauni refu la heshima la wanawake wa huku. Kitambaa nilikikata kwenye gomesi yake ya buluu, upande wa ndani, pasipoonekana.

Nieleze kwa asiye wa huku. Nywele za watu, kipande cha nguo uliyoivaa mwilini, na sanamu yenye umbo lako: vitu hivi vikikutwa katika nyumba moja, hakuna anayewaza reli.

Hakulia. Alifunga nguo zake zote. Alichukua vitana vyote. Kisha akafagia chumba cha kulala, polepole, akaokota kila unywele wake, akaufunga katika leso na kuondoka nao. Boda boda ikampeleka Kisinga, kwa kaka yake.

Nyumba ni safi sana.

Jumapili, 10 Agosti. Kisinga.

Nimekwenda na mbuzi, kama desturi inavyotaka kwa mume aliyekosa. Nimekwenda pia na stesheni, imefungwa ndani ya shuka.

Shemeji Aaron aliwaketisha wazee. Akauliza jina la mganga. Nikasema hakuna mganga, ni treni. Wakaitazama shuka. Aaron akasema kwa upole kwamba kama ni mwanamke mwingine niseme tu. Mwanamke mwingine wanaujua utaratibu wake.

Nikapanga reli mbele yao. Treni ikakataa. Betri! Aaron akatoa za tochi yake. Treni ikazunguka, ikalia kama mbu, mbuzi akashtuka, kisha akasogea na kula kilima.

Mzee mmoja akatoa uamuzi: huyu si mchawi, mchawi ana akili. Wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Mimi pia nilicheka, kidogo.

Vasta hakucheka. Aliinama, akamshika yule wa gomesi ya buluu.

"Huyu ni mimi?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe uko wapi?"

Nikamwonyesha. Mimi ndiye dereva.

"Basi treni inakuja, treni inaondoka, na mimi nimesimama."

Nikaanza kueleza kwamba reli ni duara, kwa hiyo dereva hurudi. Aaron akaniomba ninyamaze.

Atarudi, amesema. Sharti ni moja. "Usinifiche tena, hata upuuzi. Ukitaka kitu changu, niombe."

Nimeapa mbele ya wazee na mbele ya mbuzi.

Jumanne, 12 Agosti

Vasta yupo nyumbani. Vitana vimerudi mahali pake, isipokuwa kimoja, ambacho hutembea nacho mkobani.

Kazini sasa naitwa Stesheni Masta. Asanasio hupiga mluzi nikiingia. Nilikirudisha kichwa cha treni mezani, Consolée akakigeuza juu chini. Akasema, "Papa, ni hii tu ulikuwa unaficha?" Nadhani alimpenda yule mtoto wa nje.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza upana wa reli.

Jumatano, 13 Agosti

Leo Vasta ameingia chumba cha nyuma mwenyewe. Ameketi juu ya gunia, ametazama treni ikizunguka. Ameuliza kama abiria hukatiwa tiketi. Ni swali la kwanza la maana nililowahi kuulizwa. Nililijibu mpaka chai ikapoa.

Nimeamua. Hatasimama tena. Nitamweka ndani ya behewa, dirishani, akiwa na gomesi mpya. Si ya buluu. Ya njano, anayoipenda kuliko zote, ile ya Pasaka. Kipande cha vidole viwili, kwenye pindo la ndani. Hatajua mpaka siku nitakapomwonyesha. Kumwomba kungeharibu kila kitu: furaha ya kushtukizwa haiombwi ruhusa.

Kilima kilicholiwa nacho kitahitaji nyasi. Docus hanipi tena, lakini Kasese saluni ni nyingi na hakuna anayenijua. Nitasema ni mbolea.

Vasta ameenda mazoezi ya kwaya. Mlangoni aligeuka, akauliza kama kuna jambo ninalotaka kumwambia. Nikasema hakuna.

Mkasi wake unakata vizuri kuliko wangu.