Shimo Jeusi la Sekunde Nane

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha walimu. Mwalimu mkuu katangaza kwamba chumba cha Klabu ya Sayansi wanapewa kwaya. Eti klabu yangu ina wanachama sita, kwaya ina arobaini na mmoja. Mwalimu wa muziki akainamisha kichwa, akajifanya mnyonge. Chumba kile nimekilea miaka tisa! Darubini iliyomo nimeiunda mwenyewe kwa bomba la plastiki. Nikasimama, nikaomba muda. Nimepewa hadi Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa yao! Alhamisi saa kumi alasiri kinarushwa kipindi cha mia moja cha Chombo cha Saba, tamthilia ya anga za mbali ninayoifuata tangu nikiwa kapera. Wiki tatu sasa wametuacha roho juu, chombo kinavutwa na shimo jeusi. Nahodha hana budi kukokotoa njia ya kutokea. Hesabu tupu! Nimemshawishi mwalimu mkuu shule nzima itazame ukumbini. Watoto wakiona fizikia inaokoa maisha, watafurika klabuni. Nimeshachapa na swali: taja kanuni tatu za sayansi zilizomwokoa nahodha. Mke wangu kauliza kama nimekitazama kwanza. Nikamjibu kwamba hakijaonyeshwa popote. Akasema ndiyo maana anauliza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha.

Shimo jeusi limeonekana sekunde nane. Nimehesabu. Muda wote uliobaki nahodha alikuwa anamlilia roboti wake, aliyekatika waya wa moyo. Roboti ana moyo tangu lini? Juzi tu kazi yake ilikuwa kufungua milango! Mara akatokea mama yake nahodha, aliyekufa msimu wa pili, akaanza kusamehe watu. Kisha roboti akaimba. Beti sita! Chombo kikatoka shimoni kwa nguvu ya upendo. Kasema hivyo mhandisi mkuu wa chombo, mtu niliyemheshimu kuliko shemeji zangu wote. Nikapiga kelele kwamba haiwezekani. Ukumbi mzima ukaninyamazisha. Mwalimu mkuu alikuwa anajifuta machozi kwa tai. Mwalimu wa muziki alikuwa ameshaanza kufuatisha sauti ya pili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesahihisha majibu. Kanuni tatu za sayansi: upendo, msamaha na kuimba. Karatasi baada ya karatasi. Mmoja tu, binti wa kidato cha kwanza, mwanachama wangu, kaandika kwamba chozi la nahodha lilidondoka sakafuni ilhali uvutano chomboni ulikuwa umezimwa. Nikasimama peke yangu ofisini. Kumbe miaka tisa haikupotea bure! Nikageuza karatasi nimwandikie pongezi. Nyuma kaomba ruhusa ahamie kwaya, wanaanza kujifunza wimbo wa roboti.

Saa nane wamehamia chumbani. Darubini yangu wanatundikia majoho. Imeniuma mno. Wengine watatu wamemfuata yule binti. Nimebakiwa na wanachama wawili, na mmoja anaumwa surua.

Jumapili, 9 Machi

Siku tatu chakula hakipiti. Mke wangu kakiri kwamba kipindi kile kilimgusa. Ndani ya nyumba yangu! Nimewaandikia watengenezaji barua ya kurasa kumi na moja, pamoja na michoro. Nimeapa sitaitazama tena tamthilia ile maisha yangu yote.

Mchana wameonyesha vionjo vya kipindi kijacho. Mhandisi kashika rula! Mtu hashiki rula hivi hivi. Safari hii ni hesabu, hakuna ubishi. Nimempigia simu mkaguzi wa elimu, nimemwalika Alhamisi, saa kumi, ukumbini, aje ajionee mwenyewe kabla chumba hakijawazoea wale. Kakubali, na anakuja na wenzake watano.

Mke wangu anasema yule mhandisi mwenye rula alikuwa analia. Nimemwambia lile ni jasho.