Karibuni Mtembee Kwenye Takwimu

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha chama chetu cha wakulima wa zabibu, hapa Mvumi. Ijumaa wanakuja wafadhili kutoka nje. Wana chumba kimoja cha ubaridi cha kuhifadhia mazao, na vyama viwili vinakitaka: sisi na wenzetu wa ng'ambo ya mlima. Atakayejieleza vizuri kwa Kiingereza, dakika ishirini, ndiye atakayekipata. Wenyewe wanaita presentation. Zabibu zetu zinaozea kwenye kreti kila msimu, kwa hiyo hakuna aliyefanya mzaha.

Mwenyekiti, Mzee Daudi, alimgeukia Hilda, mweka hazina, aliyewahi kufundisha Kiingereza sekondari. Nikaona jambo linaniponyoka. Nikasimama. "Good morning, ladies and gentlemen. Thank you all for coming." Ilikuwa saa tisa alasiri. Makofi. Kazi nimepewa mimi, Elieza, katibu. Hilda akauliza sentensi inayofuata ni ipi. Nilimwambia hiyo inahitaji kipaza sauti.

Jumanne, 4 Machi

Nimeangalia video kwenye simu, mzungu wa tai anafundisha maneno ya presentation. Nimegundua kwamba wasomi wametudanganya miaka yote. Hakuna la kujua! Unafungua kwa "Let me walk you through the figures," unafunga kwa "To sum up," na katikati unapumua.

Kubwa kuliko yote ni la hatari, ukiulizwa usilolijua: "That's a very good question. I'll come back to it later." Yaani swali zuri sana, nitalirudia baadaye. Mwenye maneno haya hashindwi na mtu. Nimeyajaribu nyumbani. Mke wangu Dorkasi aliuliza nani kawaacha mbuzi kwenye mahindi ya jirani. Nikamwambia ni swali zuri sana, nitalirudia baadaye. Chakula changu nacho kikaambiwa baadaye.

Jumatano, 5 Machi

Hilda alikuja kujitolea kunisaidia. Nikakataa kistaarabu. Nilichukua tu takwimu zake, tani tunazovuna na tani zinazooza, kwa sharti asitaje zimetoka wapi. Akauliza nitaziwasilishaje. Nikamweleza: walk ni kutembea, figures ni takwimu. Nitawatembeza wageni kwenye takwimu. Akatazama pembeni. "Sawa, Katibu," akasema. Wivu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda shambani. Vibao sita vya namba, rangi nyekundu, nimevichomeka katikati ya mizabibu. Kreti za zabibu zilizooza ziko njiani, hazibebeki, zinavuja. Nimezifunika turubai. Mgeni haonyeshwi uchafu. Mzee Daudi alipita, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anasoma vibao. Akauliza kama ni vya mipaka. Nikaendelea kuchomeka.

Ijumaa, 7 Machi

Walikuja wawili. Kiongozi ni mama mrefu mwenye kofia ya majani. Wakaketi ofisini, wakageukia ukuta kusubiri picha za takwimu. Salamu yangu ilikwenda vizuri, na safari hii ilikuwa asubuhi kweli. Nikasema, "Let me walk you through the figures," nikatoka mlangoni.

Hawakutoka. Nilisubiri juani. Nikarudi, nikasema tena kwa sauti zaidi. Wakatazamana, wakainuka.

Kibao cha kwanza, salama. Cha pili, salama. Kabla ya cha tatu upepo ukalichukua turubai lote, likaenda zake. Kreti zikabaki wazi, nyuki juu, maji ya zabibu yanatiririka hadi kwenye viatu vya mama. Akauliza kitu. "That's a very good question. I'll come back to it later." Akauliza kingine. Nikajibu vilevile. Akauliza cha tatu, safari hii kwa sauti ya chini, miguu imebana. Nikamwambia ni swali zuri sana na nitalirudia baadaye.

Hilda, aliyekuwa akitufuata nyuma, akamshika mkono, akampeleka chooni.

Walikaa huko muda mrefu. Walipotoka hawakurudi kwangu. Walisimama kwenye zile kreti, Hilda anaeleza, mama anapiga picha uozo wetu, tena kwa karibu. Nilisema "To sum up" peke yangu, mbele ya kibao cha sita.

Dorkasi kaniuliza imekuwaje. Nimemwambia wageni walivutiwa na mazingira.

Ijumaa, 14 Machi

Wamepiga simu. Chumba cha ubaridi ni chetu! Mzee Daudi alitangaza kikaoni, wanawake wakapiga vigelegele. Wafadhili wamesema wenzetu wa ng'ambo waliwaonyesha picha za zabibu nzuri tu, sisi tuliwapeleka kwenye tatizo lenyewe. Wanamwomba Hilda akaeleze hayo kwenye mkutano wao Dodoma mjini.

Hilda alisimama, akasema wazo la kutembea lilikuwa la Katibu. Watu wakacheka, hata Mzee Daudi, machozi yakamtoka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Ni ukweli mtupu, na nimeomba uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Kisha ikaja hoja ya fundi wa kufunga mitambo. Anatoka China, hajui Kiswahili wala Kiingereza. Nikainuka kabla ya mwingine, nikawaambia wasihangaike, Kichina nakimudu. Nimeshapata video. Kwa jinsi nilivyoisikiliza, ni lugha ya kuitikia kwa kichwa tu.