Haonekani, Ila Anasikika

Jumamosi, 4 Mei
Nimejiunga na mchezo wa mezani wa mpwa wangu. Yeye msimulizi: anatueleza tulipo, sisi tunasema tunafanya nini, dadu inaamua. Mimi ni mchawi, nina uchawi wa kutoonekana! Shemeji, baba yake, ni askari wa mkuki tu. Maskini. Ila sheria ni kali: mhusika wako akifa, unatoka mezani mpaka hadithi iishe. Ya mwisho ilichukua miezi. Na hapo ndipo mahali pekee ninaposikilizwa nyumba nzima. Sifi ng'o.

Jumapili, 5 Mei
Nimesoma kitabu cha sheria. Chote! (Ukurasa wa uchawi.) Kinasema mwenye uchawi wangu haonekani. Sasa, jirani asipoonekana mtaani tunasemaje? Hayupo! Kasafiri! Na asiyekuwepo hapigwi. Nikampigia mpwa simu. Akasema Mjomba, macho ndiyo hayakuoni, masikio yapo palepale. Elimu ya siku hizi!

Jumatano, 8 Mei
Shemeji kanicheka kibarazani. Eti shida yangu si kuonekana, ni mdomo. Nikamkumbusha niliwahi kupita mbele ya simba watatu, wakaniamkia. Akauliza, mwezi uliopita si walikuwa wawili? Simba huzaana, shemeji.

Jumamosi, 11 Mei
Ngome ya jitu. Nikatumia uchawi, nikawa sionekani. Nikalipita jitu lenyewe, nikachomoa ufunguo kiunoni mwake. Hata shemeji kashika kinywa! Ningetoka tu, basi. Lakini kazi kubwa vile ipite bila mwenyewe kujulikana? Nikasema mchawi wangu analinong'oneza jitu: unajua nani kakuibia? Mpwa akauliza, Mjomba, una hakika? Akauliza tena, karibu ananiomba. Nikasema sijashambulia, nimejitambulisha. Jitu likapiga rungu sauti ilikotoka. Nikarusha dadu nikwepe.

Moja.

Nimekufa. Shemeji hakucheka. Alinimiminia chai. Hapo ndipo paliponiuma.

Jumapili, 12 Mei
Mpwa kaja chumbani kwangu. Anasema nilipoondoka meza ilipoa, baba yake ndiye wa kwanza kulalamika. Kanivunjia sheria! Nitengeneze mhusika mwingine, ila safari hii, Mjomba, tafadhali, awe mtulivu. Nimemwelewa kabisa. Kosa nimeliona: nilinong'ona. Jitu lingesikia jina langu vizuri, lingekimbia.

Mhusika mpya tayari. Mpiga tarumbeta.

Haonekani.