Kitasa Kipya cha Ukumbi wa Chama

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tonge limenikwama kooni. Kaka ametangaza mezani kwamba mwanawe atapokewa chamani Jumamosi. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Anaingia kwa Wamasoni, hao mnaowaita Freemason, kabla yangu mimi, baba yake mdogo, fundi wa vitasa niliyewahi kufungua kasiki ya benki kwa kijiti cha meno huku meneja akinililia begani.

Ukoo wetu wote ni wa chama. Babu alikuwa Mmasoni. Baba alikuwa Mmasoni. Kaka ni Mmasoni, na dada yuko tawi la wanawake kama mama alivyokuwa. Ndivyo tulivyolelewa. Hakuna kugusa sahani mpaka baba agonge meza mara tatu. Aproni yake ya chama ilipigwa pasi kabla ya sare zetu za shule. Majirani waliamini tunafuga nyoka anayetapika noti. Nimekulia ndani ya nyumba ile na sijaona hata mjusi. Nilichosikia ni wazee wakijadili paa la ukumbi linalovuja, mwaka hadi mwaka.

Mimi peke yangu ndiye sijaalikwa. Nasubiri tangu ndevu zianze kuota. Marehemu baba, kila siku yangu ya kuzaliwa, alikuwa akiniketisha na kuniuliza kwa sauti nzito kama nina la kumwomba. Nilimwomba baiskeli. Mwaka uliofuata akaniuliza tena, nikamwomba kengele ya baiskeli. Alishusha pumzi akatazama nje ya dirisha. Nadhani alikuwa akitafuta duka kwa macho.

Basi nimeapa. Kabla ya Jumamosi watanialika wenyewe. Nikibaki nje hata mtoto akiingia, nitauweka wapi uso wangu?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemtembelea Mkuu wa chama, daktari wa meno mstaafu. Nimempa mkono wa siri, ule wa kwao. Kwa kuwa siujui, nimeutunga: kidole gumba katikati ya kiganja, kidole cha mwisho kinatekenya. Amemwita mkewe alete dawa ya kuchua.

Baadaye amenitazama kwa upole akaniuliza kama kuna neno nataka kumwambia. Nimemjibu hakuna, napita tu. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mwanamume kama mimi hajapungukiwa na kitu. Amenisindikiza hadi getini kama mgonjwa aliyekataa kufungua kinywa.

Nimemgusa moyo, naona.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Suti nyeusi. Glavu nyeupe. Nimesimama mlangoni pa ukumbi wakati wa mazoezi ya sherehe, ili macho yao yazoee kuniona pale.

Mama wa jikoni amenitwisha sinia la supu, akanifokea kwamba wahudumu wa siku hizi hawajui saa. Nimehudumu. Nimehudumu vizuri, tena mzee mmoja amekiri hajawahi kuona supu ikibebwa kwa heshima namna ile. Iliyommwagikia mlinzi wa mlango ni kidogo tu. Mlinzi ni dereva wa basi mstaafu, hukaa nje ya mlango na upanga mkononi, na hana ucheshi.

Dada ameniona, amecheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kasema eti mdomo wote ule ninao, lakini pale unapotakiwa naufunga. Sijamwelewa. Nimemwambia mdomo huu haujafungwa tangu nizaliwe. Akasema ndiyo hapo sasa.

Kisha akanikumbusha mchezo wetu wa utotoni. Tulifunika meza kubwa kwa mashuka ikawa ukumbi. Kaka akawa Mkuu, dada katibu, mimi nje na ufagio kuwa mlinzi. Siku moja walitokea upande wa pili wakaenda kula. Nikabaki nalinda meza tupu mpaka mama akaja kuutaka ufagio wake. Dada anacheka hadi leo akisimulia. Nami nimecheka. Njiani kurudi nyumbani, hata hivyo, mluzi ulikataa kutoka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Akili imefunguka. Kitasa cha ukumbi kinakwamakwama. Nimejitolea kuwawekea kipya, zawadi, nilichokiunda mwenyewe kutoka kwenye vitasa vitatu vilivyokufa. Wakikishika watasema fundi huyu haachwi nje hata dakika.

Kaka ameuliza kama nimekijaribu. Nimemuuliza kama jua nalo hujaribiwa kabla ya kuchomoza. Amekuna kichwa, akaniachia mlango.

Nimekifunga. Nimechungulia na ndani: sakafu ya miraba myeusi na myeupe, viti virefu, ndoo chini ya pale paa linapovuja. Mlinzi amenisimamia muda wote akinihimiza nifanye haraka, huku akinusa mkono wake wa koti. Supu haijatoka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mtoto wa kaka amekuja. Anaogopa kesho. Nimemtuliza kwa kisa cha siku nilipomfungulia jenerali mmoja pingu alizojifunga yeye mwenyewe.

Halafu katoboa jambo. Nilimuuliza alialikwa na nani. Kasema hakualikwa na mtu. Alimwomba tu baba yake wakiwa garini, wanasubiri taa ya kijani.

Kuomba, tena garini! Nimemwambia, mwanangu, enzi zetu mtu alisubiri kwa heshima. Amenitazama kwa huruma, akasema, "Sawa, baba mdogo." Vijana hawa hawana subira.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mwandiko wa leo umepinda kidogo. Ni wino.

Walipoingia wote, nilikaa benchi la nje pamoja na mlinzi. Nikasikia sherehe inakwisha, makofi, kisha mlango ukatikiswa. Haukufunguka. Mlinzi akaingiza ufunguo, ukazunguka kama kijiko kikombeni. Akanigeukia. "Fundi, kitasa chako kinamwona kila mtu mwizi."

Ndani wakagonga. Mara tatu. Ukoo mzima unanipigia hodi! Nikainama penye tundu la ufunguo, nikawaambia nitafungua, ila kwanza watamke lile neno walilonicheleweshea. Kaka akauliza neno gani. Nikasema mwaliko.

Nikasikia wazee wakishusha pumzi kwa pamoja. Kisha sauti ya kaka, chini, karibu kabisa na ubao.

"Mdogo wangu, hapa haalikwi mtu. Ni mwiko kwetu. Anayetaka anaomba mwenyewe. Babu aliomba. Baba aliomba. Na wewe baba alikuuliza kila mwaka, ukataka baiskeli. Aproni yako alishaishonesha. Iko kabatini mpaka leo."

Bisibisi iliniponyoka. Niliiokota, ikaniponyoka tena. Mlinzi aliniokotea yeye.

Kitasa kilikataa, nikang'oa bawaba. Mlango ukalala chini mzima. Hao hapo, wamesimama kwenye miraba na aproni zao, mtoto wa kaka mbele anang'aa. Mkuu akanitazama, akauliza taratibu, "Haya. Una neno lolote la kutuomba?"

Mlinzi akashusha upanga. Kaka alikuwa akinihimiza kwa kichwa na kufungua mdomo kidogo, kama anayemlisha mtoto uji.

Nikajua huu ndio wakati wangu. Nikakohoa. Nikauliza kama kuna supu imebaki.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimetafakari tangu asubuhi, nimeelewa kila kitu. Ukumbi mzima wa wazee ulisimama kunisihi niombe. Huo si mwaliko tu, ni zaidi ya mwaliko! Wananitaka kwa kufa na kupona. Ila wamekosea utaratibu, na mambo ya heshima hayafanywi juu ya mlango ulioanguka. Waje nyumbani kwangu waniombe vizuri ili niwaombe.

Ili wabishe hodi ipasavyo, nimefunga mlangoni kwangu kitasa pacha wa kile cha jana. Nikatoka nje na shajara kwapani kuona kinavyopendeza. Kinapendeza. Kimejifunga. Ufunguo uko ndani, na mfuko wa vifaa uko ndani.

Naandika haya nikiwa ngazini. Dada anakaa ng'ambo ya barabara na ufunguo wangu wa akiba anao. Yuko dirishani na kikombe chake cha chai. Ameshaniita mara mbili, akauliza kama kuna kitu nataka kumwomba. Nimemjibu hakuna, napunga upepo tu.

Mvua imeanza kunyesha. Namjua dada yangu. Atanialika mwenyewe.