Jalada Moja, Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Siku nzito. Saa tatu asubuhi Mkurugenzi alituita ukumbini, akatangaza kwamba majalada yote ya vibali vya ujenzi yanahamia kwenye wingu. Majalada elfu kumi na mbili na mia nne! Nimeyatunza miaka ishirini na saba. Halijapotea hata moja, isipokuwa lile la choo cha soko, nalo lilirudi lenyewe.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza wingu hilo liko mtaa gani, na kabati zake ni za chuma au za mbao. Watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha. Mtaalamu aliyeletwa kutufundisha, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, alinijibu kwa adabu: mzee wangu, wingu ni kompyuta za kampuni fulani, ziko mbali, nchi nyingine kabisa, zitatutunzia nyaraka, nasi tutazisoma hapahapa kwa mtandao. Nikauliza ufunguo anao nani. Akasema ufunguo ni neno la siri. Nikauliza neno hilo hutundikwa wapi. Wakacheka tena. Bwana Ugavi, mkuu wa manunuzi, alicheka kuliko wote, akapiga na meza.

Ninajua kinachomchekesha. Anakitamani chumba changu cha masijala: madirisha mawili, upepo wa asubuhi, na mlango unaofungwa kwa komeo. Mkurugenzi amesema atapima utendaji wetu kwa wiki mbili, kisha aamue nani abaki nacho. Nikishindwa, ninahamishiwa stoo ya mifagio na karatasi za chooni, chini ya Bwana Ugavi. Chini yake! Mtu ambaye hajawahi kurudisha hata kalamu!

Nimebakiza mwaka mmoja na miezi miwili nistaafu. Sitaumalizia kwenye mifagio.

Jumanne, 4 Juni

Mkakati wa kwanza: kuonekana nimeelewa. Nilimvizia Mkurugenzi kwenye ngazi, nikamwambia kwamba suala la wingu limeniingia barabara. Akafurahi. Akaniuliza nina maoni gani kuhusu nakala za akiba. Nikajibu kwamba akiba ni jambo jema, ila isizidi. Akatikisa kichwa, akaendelea kupanda. Sijui alikitikisa kwa maana gani.

Mkakati wa pili: kuwabana wenye wingu. Nimewaandikia barua rasmi. Nimetaka kujua idadi ya rafu, jina la mlinzi wa zamu, na kama paa linavuja. Nimeomba pia ufunguo wa ziada. Nakala tatu, mihuri sita. Mtaalamu aliisoma yote, hadi chini, akanieleza taratibu kwamba, baba, huko barua hazifiki. Nikamwambia mahali pasipofika barua hapawezi kutunza nyaraka. Akaikunja barua, akanirudishia. Ushindi.

Nyumbani mke wangu, ambaye ni mshonaji, akanipa habari ya kunikata maini. Eti vipimo vya wateja wake viko kwenye wingu tangu mwaka jana, na mafundi wake wote wanavitazama kwa simu wakati mmoja. Nikamwuliza nani alivisaini vilipotoka. Akaniambia, baba watoto, chakula kinapoa.

Jumatano, 5 Juni

Mafunzo. Siku njema kupita kiasi! Mtaalamu alitangaza mbele ya wote kwamba watu watatu tu watapewa ruhusa kuu, yaani uwezo wa kumwingiza na kumtoa mtu yeyote: Mkurugenzi, yeye mwenyewe, na mimi mtunza masijala. Bwana Ugavi amepewa ruhusa ya kawaida, kama mfagiaji. Alilalamika kwamba mzee huyu hata kuwasha kompyuta anaiomba radhi kwanza. Uongo. Huwa ninaisalimia tu.

Mkurugenzi amesafiri kikazi mpaka Jumatatu. Ametuachia ofisi, na nimeona kwamba aliniangalia mimi aliposema hivyo. Huenda alikuwa akiitazama saa ya ukutani nyuma yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeona jambo la kutisha. Nililifungua jalada la ukumbi mpya wa mikutano, na juu ya skrini pakatokea majina matatu. Mpima ramani, mhandisi na Bwana Ugavi. Wote watatu wamo ndani ya jalada moja, dakika ileile!

Mwalimu wangu wa masijala, Mungu amrehemu, alitufundisha kanuni moja kabla ya zote: jalada moja, mkono mmoja. Anayetaka jalada hujaza kadi. Kadi hukaa rafuni mahali pa jalada. Jalada likirudi, kadi hutoka. Mwingine akilitaka katikati, husubiri. Hivyo ndivyo dunia ilivyosimama.

Nikamwendea Mtaalamu mbio, nikamwuliza jalada lile lina nakala ngapi. Akasema moja. Nikamwuliza basi limekuwaje mikononi mwa watu watatu. Akasema hiyo ndiyo faida yake, mzee wangu. Ni kama saa ya ukutani, sote tunaitazama pamoja na hakuna anayemnyima mwenzake. Nikamjibu kwamba saa ya ukutani haiazimwi. Akafikiri kidogo, akasema ni kweli, haiazimwi. Akaondoka akijikuna kichwa.

Sikupata usingizi mzuri wa mchana.

Ijumaa, 7 Juni

Nimerejesha nidhamu! Ruhusa kuu ninayo, ya nini kuilalia?

Nilianza saa moja na nusu. Mpango ni rahisi. Kila aliyefungua jalada, niliwatoa wengine wote kwenye jalada hilo. Wao walipojaribu, skrini iliwaandikia kwamba hawana ruhusa. Ilipofika saa nne palikuwa na foleni dirishani kwangu. Foleni! Sijaiona tangu wiki iliyopita. Nikazitoa kadi zangu kwenye boksi, nikazipangusa vumbi, nikaanza kuzigawa. Machozi yalinilengalenga.

Bwana Ugavi naye alipanga foleni. Alilitaka jalada la geti jipya. Nikamwambia limeazimwa na mpima ramani. Akasema mpima ramani ameanza likizo leo asubuhi. Nikamwambia basi asubiri likizo iishe. Akaniita chura wa kisimani. Nikamwandikia kadi hata hivyo, kwa mwandiko mzuri.

Mtaalamu alikuja akihema, akaniomba kwa jina la wazazi wangu niache. Nikamwonyesha orodha: yeye peke yake alikuwa amefungua majalada arobaini bila kadi hata moja. Arobaini! Nikamtoa. Nikamtoa na Mkurugenzi, maana naye hajajaza kadi, na sheria ni msumeno.

Saa saba, chakula cha mchana. Kanuni ya pili ya mwalimu wangu: mtunza masijala akitoka, masijala hufungwa. Nikawatoa na walioazima, kisha nikatafuta pa kufungia. Katika orodha ya wenye ruhusa kuu lilikuwa limebaki jina moja, la kwangu. Nikajitoa. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika kiasi kile maishani. Nikaenda kula kwa moyo mweupe.

Saa nane nikarudi. Skrini ikaniambia sina ruhusa. Nikaieleza mimi ni nani. Ikarudia.

Jumatatu, 10 Juni

Patashika. Hakuna anayeweza kufungua chochote. Mkandarasi wa ghorofa la barabara kuu amekuja na waashi wake wanane, ndoo zao mikononi. Mkaguzi amewasimamishia ukuta nusu mpaka waonyeshe kibali, na kibali kiko ndani ya wingu. Wamekaa kwenye ngazi zetu. Mmoja wao ameniuliza kama mimi ndiye mzee aliyefunga mbingu. Nikamjibu kwamba nilifunga masijala tu, tena kwa muda wa chakula.

Mkurugenzi amerudi. Alijaribu kuingia, akakataliwa. Akajaribu tena kwa sauti ya juu.

Mtaalamu ameshinda kwenye simu na watu wa kampuni. Wanataka kuzungumza na mwenye ruhusa kuu. Anawaambia hayupo. Wanauliza amekwenda wapi. Anawaambia amekaa hapa mbele yake anakunywa chai. Sasa wanataka barua ya uthibitisho, yenye saini na muhuri. Nikamkumbusha kwamba Jumanne aliniambia huko barua hazifiki. Akasema hii itapigwa picha itumwe. Ninashindwa kuelewa kwa nini barua yangu nayo haikupigwa picha.

Saa tisa nilimkuta Bwana Ugavi chumbani mwangu akipima madirisha kwa futi. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, shikamoo mzee, ninapima tu urefu wa pazia. Hajaniamkia shikamoo tangu aajiriwe.

Jumanne, 11 Juni

Bado kumefungwa. Nimeandika taarifa kwa Mkurugenzi kueleza kwamba wingu limeshindwa mtihani wake wa kwanza: halikuweza kumtambua mtu aliyetoka saa moja tu kwenda kula. Masijala yangu ya zamani ilinitambua miaka ishirini na saba, hata siku niliyonyoa ndevu.

Mtaalamu aliisoma kabla sijaipeleka. Akasema wingu halikushindwa, baba, lilikutii. Nimeitafakari kauli hiyo jioni nzima. Kama linanitii, mbona nikiliamuru lifunguke halifunguki? Mke wangu ananishauri niache kulitafakari na nimsaidie kukunja nguo. Nimezikunja. Zote amezikunja upya.

Alhamisi, 13 Juni

Wamefungua! Kampuni imeridhika na barua. Waashi wameondoka na kibali chao wakiimba. Ukuta unaendelea.

Saa kumi Mkurugenzi aliniita. Niliingia nikiwa nimejiandaa kwa mifagio. Bwana Ugavi alikuwa amekaa pembeni, amevaa shati jipya. Mkurugenzi akasema kwamba ruhusa kuu nisahau. Nisiiguse, nisiiote, nisiitaje. Mtaalamu ndiye atakayesimamia nyaraka. Bwana Ugavi akarekebisha kola.

Lakini, akaendelea, kosa lile lisirudi. Kampuni imetupa namba kumi za akiba. Siku tukijifungia nje tena, namba mojawapo itatuingiza bila simu wala barua. Namba hizo zimechapwa kwenye karatasi, pamoja na neno la siri, na karatasi itakaa kwenye kasha la chuma la masijala. Akasema kwamba mzee, karatasi hujapoteza hata moja katika miaka yote hii. Basi ulinde hii moja. Ikiwa salama siku ya ukaguzi, Alhamisi ijayo, chumba ni chako mpaka ustaafu. Ikiwa na kasoro yoyote, stoo.

Karatasi moja! Bwana Ugavi alitoka bila kuaga. Mimi nilishuka ngazi mbili mbili, nikakumbuka goti, nikashuka moja moja.

Ijumaa, 14 Juni

Leo nimekabidhiwa bahasha. Mtaalamu alinieleza mara mbili, polepole, kidole hewani: kila namba hufungua mara moja tu, kisha inakufa, kwa hiyo, tafadhali, mzee wangu, zisiguswe. Nikamwambia awe na amani. Akasema hana.

Nikafunga mlango kwa komeo. Mtunza masijala hapokei kitu bila kukikagua. Hilo halihitaji kanuni, ni malezi. Je, kama namba mojawapo ni mbovu? Si ndiyo kasoro yenyewe? Nikawasha kompyuta, nikaijaribu ya kwanza. Ikafungua! Nikatoka. Nikaijaribu ya pili. Ikafungua! Nikaenda hivyo hadi ya kumi. Zote nzima, hakuna hata moja iliyosita. Kila moja nimeiwekea alama ya vyema pembeni, na chini ya karatasi nimepiga muhuri wa IMEKAGULIWA, saini na tarehe. Kazi safi. Moyo wangu ulitulia kama maji mtungini.

Kabla ya kuifungia karatasi kashani, nikaona nirudie, maana ukaguzi wa mara moja ni wa wavivu. Ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu. Zote kumi! Namba zilizokuwa nzima saa nne na robo zilikuwa maiti saa tano kasorobo, na karatasi haijatoka mezani kwangu!

Hujuma. Haina maelezo mengine. Nimechunguza: katika nusu saa hiyo mtu mmoja tu alipita nje ya mlango, Bwana Ugavi, tena akipiga mluzi. Amezifanyaje kupitia ukutani, sijui bado, ila mtu anayetamani madirisha mawili hashindwi na jambo.

Alhamisi haiko mbali, lakini sina wasiwasi. Nimemwandikia Mtaalamu dokezo aniletee namba kumi nyingine, imara kuliko hizi. Hizo sitazikagua mara mbili kama leo. Nitazikagua mara tatu.